Akina Mortimer Wawili

Upepo wa Butte hauna adabu. Hata mwezi wa Aprili, watu wa miji mingine ya Montana wakiwa wamekwisha kuyaweka makoti yao kabatini, huu wa kwetu hushuka mlimani kati ya minara ya chuma ya migodi iliyokufa, ukamwingia mtu mifupani bila hodi. Dympna Lowney alikuwa ameuzoea kwa miaka hamsini na tisa, ishirini na sita kati ya hiyo akiwa mpelelezi wa polisi wa mji, na bado asubuhi ile ya Jumatano, makaburini, aliutukana kimoyomoyo.

Mzee Emmet Veale hakuonekana hata kuusikia. Alikuwa na miaka themanini na minne, bakora ya mti wa miiba mkononi na kofia ya sufu ya kijani kichwani, na alitembea kati ya mawe kama mtu anayekagua shamba lake. Akasimama mbele ya jiwe refu la kijivu.

"Huyo hapo babu yangu. Soma mwenyewe. Polisi nao husoma, au siyo?"

"Tunasoma, mzee. Polepole, tukifuata kwa kidole."

Jiwe lilisema: Pierce Veale, mzaliwa wa Kilcarna, Kaunti ya Waterford, Ireland. 1870 hadi 1932. Apumzike kwa amani.

"Sasa niambie, binti Lowney. Mtu ana jiwe. Ana jina, ana kijiji, ana mwaka. Mnataka niteme mate kichupani ili mthibitishe nini?"

Lilikuwa swali la haki. Septemba iliyopita, mafundi waliokuwa wakiziba mashimo ya mgodi wa shaba wa zamani kule Kilcarna walikuta mifupa ya mtu chini kabisa, kijana wa miaka ishirini hivi, buti za misumari zikiwa bado miguuni. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa, na daktari aliyekitazama alisema hilo halikutokana na kuanguka. Mifupa ilikuwa na zaidi ya miaka mia, na maji ya shaba yalikuwa yameiharibu hata maabara ikashindwa kupata ndani yake chochote cha kumtambulisha mwenyewe. Polisi wa huko walifunga jalada. Muuaji, awe nani, alikuwa mifupa vilevile.

Aliyekataa kulifunga ni Bi Nóra Veale, kikongwe wa miaka tisini na mitatu, aliyekuwa amelala katika nyumba ya wazee maili nne kutoka shimoni, mpira wa oksijeni puani. Alisema kijijini mle alikuwako mtu mmoja tu ambaye hakuna jicho lililomwona akiondoka: Pierce, kaka wa babu yake. Shida ilikuwa kwamba Pierce Veale alifika Butte, akaoa, akazaa, akafa, na jiwe lake ndilo hilo.

Afisa wa vifo wa kule alikuwa amempa Bi Nóra hadi Ijumaa. Pasipo jipya, mifupa ingezikwa pembeni, kwa wasio na jina. Lakini kama Emmet angetoa mate yake yapimwe, afisa angesubiri, na kama vipimo vingeonyesha kwamba Emmet na Nóra hawana damu moja, basi aliyekuja Butte hakuwa Veale, na mfu wa shimoni angepata jina lake. Ndipo Bi Nóra alipomtafuta Dympna, ambaye tangu astaafu alijipatia riziki kwa kuwatafutia Wamarekani mababu zao wa Ireland, kazi yenye shukrani nyingi na maadui wachache. Huyu wa leo alielekea kuwa mmoja wa hao wachache.

Dympna alichuchumaa. Alikuwa akitazama jiwe dogo, la urefu wa goti, lililokaa ubavuni mwa lile refu.

"Na huyu?"

"Mortimer. Miezi tisa. Surua ilimchukua mwaka wa tisini na saba."

"Na yule pale ni Mortimer pia."

"Yule ni baba yangu. Alizaliwa mwaka uliofuata, wakampa jina lilelile. Bibi Kate hakutaka, alilia, akasema ni kumwita mkosi nyumbani. Babu akashikilia. Alisema, 'Jina hili sitaliacha lilale chini.' Baba alinihadithia mara mia."

"Baada yake?"

"Timothy. Halafu Ellen. Halafu Shangazi Abigail, mpishi wa keki mbaya kuliko zote magharibi ya Mto Missouri."

Dympna hakucheka. Kwa watu wetu wa zamani jina la mtoto halikuchaguliwa, lilirithiwa kwa zamu kama viti vya kanisani. Mwana wa kwanza alipewa la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza alipewa la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Yeye mwenyewe aliitwa Dympna kwa ajili ya kikongwe aliyekuwa akimfinya mapaja kanisani, na mama yake hakuthubutu hata kufikiria jina lingine.

Alisogea safu tatu upande wa kushoto. Wakwe wa Pierce walikuwa wamelala hapo: Timothy Shea na mkewe Ellen. Akarudi.

"Mzee, baba yake babu yako aliitwa nani?"

"Nicholas. Mama yake Johanna. Imo katika cheti cha ndoa, ninacho nyumbani kwenye fremu."

"Timothy wa ukeni yupo. Ellen wa ukeni yupo. Nicholas yuko wapi?"

Bakora ya Emmet ilitulia.

"Waligombana," alisema. "Babu aliondoka kwao kwa hasira. Hakuandika hata barua moja."

"Nani alisema waligombana?"

"Baba."

"Waligombania nini?"

"Wairish wanahitaji sababu?"

Dympna aliandika katika daftari lake: Ugomvi? Uliwezekana. Lakini mtu aliyegombana na baba yake huliruka jina, akaacha nafasi wazi. Hapa hapakuwa na nafasi wazi. Kiti cha Nicholas kilikuwa na mtu mwingine aliyekalishwa, na alipoanguka mara ya kwanza alirudishwa kwa nguvu.

"Kichupa kiko ndani ya gari," alisema. "Dakika mbili tu."

"Binti Lowney, nimeongoza maandamano ya Mtakatifu Patriki katika mji huu miaka thelathini na mmoja, nimebeba bendera yenye jina Veale. Wajukuu wangu wamechorwa jina hilo mikononi, wapumbavu wale. Sitaki mate yangu yaende Ireland yakarudi na matusi."

"Kuna bibi anakufa, mzee. Anataka kumzika mtu wake kwa jina lake."

"Mimi simjui," Emmet akasema, akageuka kurudi garini. Lakini kabla ya kugeuka alilitazama lile jiwe dogo, na Dympna akaliona jicho hilo.

Ofisi ya parokia ilinuka nta na kahawa iliyokaa jikoni tangu alfajiri. Bi Marica, katibu wa parokia, Mkroeshia mwenye jozi mbili za miwani, moja usoni na nyingine kichwani, alimtolea Dympna kitabu cha ndoa bila kuulizwa mara mbili.

"Mnatafuta nini tena? Nyinyi Wairish mna majina manane tu, mnazungushana kama sahani kanisani."

"Leo nimepata la tisa, Marica. Linaniumiza kichwa."

Ndoa ya mwaka 1895: Pierce Veale na Kate Shea. Wazazi wa bwana: Nicholas na Johanna, wa Kilcarna. Wino safi, mkono wa padri. Hapo hapakuwa na ufa. Mtu huyo aliwajua vizuri wazazi wa Pierce Veale, na mbele ya padri aliwataja bila kigugumizi.

Dympna akakaa kidogo. Akafikiri kama mama yake angefikiri, maana mama yake ndiye aliyekuwa mpelelezi wa kweli katika ukoo. Mwana anaweza kumnunia baba yake maisha mazima. Anaweza kumnyima barua, kumnyima mjukuu wa jina. Lakini baba akifa, mwana huyo, hata awe na roho ya jiwe, atakwenda kwa padri na kuomba Misa ya kumwombea. Asipofanya hivyo majirani watamsema, na akiwa hana majirani atajisema mwenyewe.

"Marica, vitabu vya nia za Misa vya zamani mnavyo?"

"Viko chini. Hakuna aliyewahi kuviomba. Kwani nani anataka kujua nani alimwombea nani?"

"Mimi."

Vilikuwa vitabu kumi na saba, vyembamba, vya jalada jeusi. Kila siku ilikuwa na mstari wake: tarehe, marehemu anayeombewa, na mtu aliyeiomba Misa. Waligawana. Bi Marica alianza na mwaka 1932 kurudi nyuma, Dympna akaanza na mwaka 1891 kwenda mbele. Walipitisha macho harakaharaka kwenye majina ya kwanza ya marehemu tu, wakimtafuta Nicholas Veale. Walimtafuta Johanna Veale. Saa nzima ikapita, kahawa ikazidi kuwa chungu, na hawakumpata hata mmoja wao. Katika miaka arobaini na mmoja mwana hakuwaombea wazazi wake hata Misa moja.

Kisha Bi Marica, aliyekuwa amerudia kitabu chake cha kwanza, akashusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya usoni.

"Hebu tazama hapa. Tarehe tisa Mei 1932. Mwombaji, Pierce Veale. Marehemu, Pierce Veale." Akamtazama Dympna. "Padri alilewa?"

"Alikufa Oktoba ya mwaka huo. Mwezi wa Mei alikuwa hai."

"Basi nyinyi hata kujizika mnajizika wenyewe."

Dympna alifunua kurasa za mwaka uliotangulia. Tarehe tisa Mei. Mwombaji, Pierce Veale. Marehemu, Pierce Veale. Na mwaka wa kabla yake. Alirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, kidole kikishuka ukurasani, na kila Mei tisa mstari huo ulimngoja. Wa kwanza ulikuwa wa 1892. Katika mwaka 1904 padri mmoja, aliyekuwa na akili kuliko wenzake, alikuwa ameandika pembeni kwa herufi ndogo: Nimemuuliza. Asema ni mtu wa jina moja naye, aliyefariki kwao.

"Basi lina maelezo," Bi Marica akasema, kama aliyefarijika.

"Lina maelezo," Dympna akakubali. Hakufarijika. Alipiga picha kurasa zote arobaini na moja, akashukuru, akaenda garini akafunga vioo.

Ireland ilikuwa saa moja jioni. Bi Nóra alipokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Wamenipa supu ya karoti tena," alisema. Sauti yake ilikatwakatwa na pumzi. "Sema, mwanangu. Usinifiche."

"Nina maswali tu, bibi. Kwenu palikuwa na Pierce Veale mwingine? Binamu, mjomba, mtoto?"

"Hapana. Alikuwa huyo mmoja. Baada yake hakuna aliyepewa jina hilo. Mama yake alikataza."

"Alikataza?"

"Johanna alikuwa na kinyongo, Mungu amrehemu. Kwetu mtu akienda Amerika tulimkesha kama maiti. Ukiondoka umekufa. Jirani wote wanakuja, wanacheza, wanakula, kisha alfajiri wanalia. Pierce alitumiwa tikiti na mjomba wake wa Butte, mkesha wake ukaandaliwa, kondoo akachinjwa. Jioni Pierce akasema anakwenda kumuaga rafiki yake. Hakurudi. Mpiga fidla aliketi na fidla mapajani mpaka kukakucha. Watu wakasema ametoroka, hakuweza kuyatazama machozi ya mama yake. Wengine hufanya hivyo."

"Na mama yake?"

"Alingoja barua miaka ishirini na minane. Alipokuwa anakufa akasema jiwe lake liandikwe watoto wote isipokuwa huyo. Ukienda pale utaona. Watoto saba, na walikuwa wanane."

Dympna alibana kalamu. "Mjomba wa Butte alimjua Pierce kwa sura?"

"Angemjuaje? Aliondoka Pierce akiwa tumboni. Na mjini kwenu hapakuwa na mtu mwingine wa Kilcarna. Wetu walikwenda Boston."

"Huo mkesha ulikuwa tarehe ngapi?"

"Tisa Mei, mwaka wa tisini na moja. Babu yangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakuisahau."

Nje, upepo ulikuwa ukilitikisa gari kama unataka kuingia. Dympna aliuliza swali la mwisho taratibu, kama mtu anayeshusha mguu kwenye ngazi asiyoiona.

"Bibi, kijijini palikuwa na mtu aitwaye Mortimer? Mwenye mke aitwaye Abigail?"

"Mortimer Dunphy. Mlango wa tatu. Masikini wale! Ndio walioondokewa na mwana wao wiki hiyohiyo. Roger, rafiki yake Pierce. Kofia yake ilikutwa miambani asubuhi ya pili, bahari imemchukua. Johanna mwenyewe alimpelekea Abigail mkate kila..." Oksijeni ilisikika ikipuliza. "Mwanangu. Kwa nini umeniuliza juu ya Mortimer Dunphy?"

"Nipe saa moja, bibi. Usilale."

"Silali," Bi Nóra akasema.

Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajawahi kufanya kazi ya Dympna. Huyu alikuwa ameikata bahari, akalivuka bara, akaingia mgodini, akaoa kanisani, na njia yake ilikuwa bado inaendelea katika mitaa ya Butte kwa miguu ya wajukuu na vitukuu, wengine wakiwa na jina la mtu mwingine limechorwa mikononi.

Emmet alikuwa jikoni, na pai ya nyama na viazi ilikuwa imepoa mbele yake bila kuguswa. Ukutani, cheti cha ndoa kwenye fremu. Juu ya jokofu, gudulia lenye udongo alioubeba mwenyewe kutoka Kilcarna, mwaka aliokwenda kutafuta makaburi ya akina Veale na kulia juu yake. Dympna hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Umerudi na uso wa polisi," Emmet akasema.

"Mzee, tarehe tisa Mei ni siku gani kwenu?"

"Misa ya babu. Kila mwaka. Baba aliniachia, nami nimekwisha kumwambia mwanangu aniahidi. Kwani imekuwa kosa kumwombea babu?"

Hilo Dympna hakulitarajia. Alikuwa ameishia mwaka 1932, hakufikiri kufungua vya mbele.

"Babu yako alikufa Oktoba."

"Basi labda alizaliwa Mei."

"Alibatizwa Januari. Imeandikwa kwenye cheti chako kile cha ukutani." Akaweka simu mezani, akamfungulia picha ya kwanza. "Huyu ni yeye, mwaka 1892, ana miaka ishirini na miwili, mzima wa afya. Soma anamwombea nani."

Emmet alisoma. Akasogeza picha kwa kidole kinene, ikaja ya pili, ya tatu, ya kumi. Kidole kikaanza kuchelewa.

"Ni mtu wa jina moja naye," akasema. "Padri ameandika hapa."

"Hakukuwa na mwingine. Nimeuliza."

"Basi alikuwa na wazimu. Watu wa mgodini walikuwa wakipata wazimu."

"Tarehe tisa Mei 1891 mama yake Pierce alichinja kondoo wa kumuaga mwanawe, na mwanawe hakutokea. Kesho yake ikapatikana kofia ya rafiki yake miambani, kando ya bahari. Rafiki aliitwa Roger Dunphy. Unataka kujua baba yake Roger aliitwa nani?"

"Nyamaza."

"Unataka kujua mama yake..."

"Nimesema nyamaza, Dympna!"

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Emmet aliinuka akashika ukingo wa sinki, akatazama nje, kule ambako kilima kilikuwa kimeliwa nusu na mgodi.

"Alidanganya kila karatasi," akasema, akiwa amempa mgongo. "Alimdanganya padri. Alimdanganya Bibi Kate. Angeshindwaje kumwita mtoto Nicholas? Neno moja tu, Nicholas, na wewe leo usingekuwa jikoni kwangu."

"Karatasi alizidanganya. Lakini mtoto wa kwanza ni heshima ya baba, na baba alikuwa mmoja. Nadhani hata mwenyewe hakuona kwamba anafanya kosa. Kwake hilo halikuwa sehemu ya uongo."

"'Jina hili sitaliacha lilale chini,'" Emmet akasema polepole. Akacheka kicheko kibaya. "Na mimi nimelisimulia hilo kwenye kila mazishi."

Dympna alimhurumia. Katika kazi yake ya zamani alikuwa amewaambia watu kwamba waume zao wameua, kwamba watoto wao wameua, na hajawahi kupata njia nzuri ya kusema. Hii haikuwa afadhali kwa sababu ya kuwa ya zamani. Alitoa kichupa na fomu kutoka mfukoni, akaviweka karibu na pai, asivisukume.

"Ninaweza kukosea, mzee. Jina na Misa si damu. Mate yako yakifanana na ya Nóra, nitakuja kupiga magoti hapa na kuomba radhi. Usipotoa, Ijumaa wanamfukia bila jina, na sisi wawili tutakuwa tunajua."

"Mpigie."

"Nani?"

"Huyo bibi. Nataka kumsikia."

Simu ikawekwa mezani, sauti ikiwa wazi. Bi Nóra hakuuliza habari.

"Yuko hapo?" akasema.

"Niko hapa, mama," Emmet akajibu. "Emmet. Sijui nikutajie jina gani la ukoo."

"Emmet linatosha. Niambieni."

Dympna akamweleza: akina Mortimer wawili, Abigail, Misa za kila Mei tisa, mwombaji na mwombewa, na Roger aliyesafiri kwa tikiti na jina la Pierce. Alieleza kama alivyokuwa akieleza mahakamani, moja baada ya moja, bila kupamba.

"Hakutoroka," Bi Nóra akasema.

"Sidhani kama alitoroka, bibi."

"Alikuwa yadi mia nne kutoka mlangoni. Kondoo yuko motoni, fidla inangoja, naye yuko yadi mia nne." Akakohoa, akaipata pumzi yake tena. "Mnajua sisi tulifanya nini? Jumapili baada ya Jumapili, nyumbani kwetu, baada ya rozari, tulimwombea Roger Dunphy aliyepotea baharini. Mimi nilimwombea nikiwa mtoto wa miaka mitano. Nilimwombea mwezi uliopita. Pierce hakuombewa. Ilikatazwa. Hakuna mtu katika Kilcarna nzima aliyepata kusema Pierce Veale apumzike kwa amani."

Emmet aliketi. Mikono yake ilikuwa imelala mezani kama haina mwenyewe.

"Ni yeye tu," Bi Nóra akaendelea. "Aliyemuua. Halafu mwanawe. Halafu wewe, mwanangu. Umefanya miaka mingapi?"

"Hamsini," Emmet akasema. "Hamsini mwaka huu."

"Basi umemjua kuliko sisi."

Mzee alichukua fomu. Aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, kisha akasaini: Emmet, na baada ya kusita, Veale, kwa kuwa hakuwa na lingine. Akafungua kichupa. Akajaribu. Akajaribu tena, mashavu yakiingia ndani, shingo ikikaza, na hakuna kilichotoka. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini kinywa kilikuwa kikavu kabisa.

"Nipe maji," akamwambia Dympna.

"Huruhusiwi, mzee. Ukinywa inabidi tungoje nusu saa ndipo uteme."

"Kuna nini?" simu ikauliza. "Amekataa?"

"Hajakataa, bibi. Kinywa kimemkauka. Itachukua muda. Nitakupigia yakiwa tayari."

"Usikate," Bi Nóra akasema. "Mnyweshe maji. Kwetu kungoja tumekuzoea."

Dympna akafungua bomba, akajaza glasi, akamwekea Emmet mbele yake. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Mzee akanywa glasi yote, akaifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akaisogeza simu karibu naye.

"Nihadithie habari zake," akamwambia. "Huyo Pierce. Alikuwa mtu wa namna gani?"